Kabla ya Roboti, Mpeni Mhandisi Kiti

Kila habari ya roboti za upasuaji inapotufikia, swali linaloulizwa redioni, bungeni na kwenye vijiwe vya kahawa ni lile lile: na sisi tutanunua lini? Kiu hiyo inaeleweka. Nani asiyetaka mwanawe atibiwe kwa kilicho bora duniani? Ila ukiifuatilia roboti moja tu, tangu ilipokuwa wazo hadi siku ilipogusa mfupa wa mgonjwa, unagundua kwamba swali letu limeanzia mkiani. Leo nataka tuifuatilie roboti ya sikio. Nimeichagua kwa sababu sikioni hakuna nafasi ya kubahatisha, na kwa sababu nyuma yake yuko mtu ambaye katika hospitali zetu nyingi hukumbukwa pale tu mashine inapozima: mhandisi wa vifaa tiba.

Kisa chenyewe ni cha mji wa Bern, Uswisi. Stefan Weber ni profesa wa uhandisi wa vifaa tiba katika Chuo Kikuu cha Bern. Marco Caversaccio ni daktari bingwa wa masikio, pua na koo katika Inselspital, hospitali ya chuo hicho. Wawili hao, pamoja na kundi la watafiti na wanafunzi, walitumia miaka kadhaa kuunda roboti inayotoboa njia nyembamba kutoka nyuma ya sikio hadi sikio la kati, ili mgonjwa asiyesikia apandikizwe kifaa cha usikivu. Mgonjwa wa kwanza alifanyiwa upasuaji huo mwaka 2016. Machi 2017 kazi yao ilichapishwa katika jarida la Science Robotics, na kichwa cha makala hiyo kiliifananisha shughuli nzima na rubani anayerusha ndege gizani kwa kusoma vyombo vyake, bila kutegemea macho.

Ili tuelewe walichokuwa wakikitafuta, tuingie sikioni kidogo. Sauti hugonga ngoma ya sikio. Ngoma hutikisa vifupa vitatu: nyundo, fuawe na kikuku. Kikuku, ambacho ni kifupa kidogo kuliko vyote mwilini, chenye urefu wa milimita tatu hivi, husukuma maji yaliyomo ndani ya koklea, mfereji uliojisokota mara mbili na nusu ndani ya mfupa mgumu. Humo mna chembe zenye vinyweleo zipatazo 15,000, zinazogeuza mtikisiko kuwa ujumbe wa umeme unaopanda ubongoni. Chembe hizo zikifa, iwe kwa homa ya uti wa mgongo, kwa baadhi ya dawa za sindano, kwa kelele au kwa kurithi, hazioti tena.

Kifaa cha kupandikiza huziruka chembe hizo. Maikrofoni na kichakataji sauti hukaa nje, nyuma ya sikio. Kipokezi hulazwa chini ya ngozi. Na waya mwembamba wenye elektrodi kati ya 12 na 22, kutegemea mtengenezaji, huingizwa ndani ya koklea ili uiamshe neva ya usikivu moja kwa moja. Kufikia Desemba 2019 vifaa vya aina hiyo vilivyosajiliwa duniani vilikaribia 737,000. Kwa hiyo upasuaji wenyewe si maajabu. Madaktari wanaufanya kwa mikono yao, na wanaufanya vizuri.

Ugumu uko njiani. Daktari huchimba mfupa wa nyuma ya sikio kwa keekee ya kasi huku akitazama kwenye hadubini, mpaka afike kwenye upenyo ulio kati ya neva mbili. Ya kwanza ni neva ya uso, ile inayotuwezesha kufumba jicho na kutabasamu. Ikikatwa, upande mmoja wa uso hulegea. Ya pili ni tawi lake dogo linalobeba ladha ya ulimi. Nafasi iliyo kati yake ni milimita mbili hadi tatu. Daktari huivuka salama kwa sababu hufungua mfupa kwa upana, akaitambua neva ya uso kwanza, kisha akapita kando yake. Watu wa Bern walitaka kuingia bila kufungua kwa upana: tundu moja lililonyooka, la kipenyo cha milimita 1.8, kutoka juu ya mfupa hadi mlangoni mwa koklea. Ndani ya tundu hilo jicho la daktari halifiki. Mkono uliozoea kuongozwa na jicho unabaki kipofu.

Hapo ndipo mhandisi alipopata kazi, na jinsi alivyoianza ndiyo sababu ya makala hii. Kabla ya kufikiria mkono wa roboti utakuwa na viungo vingapi, palikuwa na swali lililobidi lijibiwe kwa namba: kosa la ukubwa gani linavumilika? Ukichukua upana wa upenyo, ukatoa upana wa keekee, ukagawanya kinachobaki kwa pande mbili, unapata nusu milimita hivi au pungufu kila upande. Mifumo ya kuelekeza vyombo vya upasuaji iliyokuwa ikiuzwa sokoni ilikuwa na makosa ya milimita moja na zaidi. Hakuna ambao ungefaa. Maana yake ni kwamba kila kitu kilipaswa kuundwa upya kuizunguka namba hiyo moja: kamera, alama, keekee, programu, na hata namna ya kukishika kichwa kisisogee. Mwaka 2013, miaka mitatu kabla ya mgonjwa wa kwanza, walichapisha matokeo ya majaribio yao kwenye vichwa vya maiti: wastani wa kosa penye shabaha ulikuwa milimita 0.15. Wahenga walisema usione vyaelea, vimeundwa. Picha ya roboti tunayoiona gazetini ni chombo kinachoelea. Uundaji wake ulikuwa ni miaka ya kupima.

Tazama upasuaji wenyewe unavyokwenda. Mgonjwa akiwa amelala kwa dawa ya usingizi, daktari hufunga skrubu nne ndogo za titaniamu kwenye mfupa wa nyuma ya sikio. Kisha mgonjwa hupigwa picha ya CT, na katika picha hiyo skrubu zile huonekana waziwazi. Kwenye kompyuta, neva ya uso huchorwa kwa rangi yake, neva ya ladha kwa rangi yake, vifupa na koklea vivyo hivyo. Halafu mstari hupigwa kupita katikati. Programu husema mstari huo uko umbali gani na kila kitu. Umbali ukiwa mdogo kuliko kiasi kilichokubaliwa, roboti haitumiki kwa mgonjwa huyo. Huyo atapasuliwa kwa mkono kama wengine.

Mstari ukikubalika, kichwa hubanwa kisitikisike, roboti hufungwa kwenye kitanda, na skrubu zile nne huguswa moja baada ya nyingine ili mashine ijue kichwa kiko wapi kulingana na picha. Keekee huingia kwa hatua fupi, hutoka, husafishwa unga wa mfupa, hupozwa kwa maji, huingia tena, maana joto peke yake laweza kuiunguza neva hata kama ncha haijaigusa. Kamera hufuatilia mwendo wa kichwa na wa keekee kwa wakati mmoja. Nguvu inayohisiwa kwenye keekee hulinganishwa na ugumu wa mfupa unaoonekana kwenye picha. Mfupa ukiwa laini mahali ambapo picha inasema ni mgumu, kuna kitu hakiko sawa. Kabla ya kuifikia neva ya uso, kazi husimama. Picha nyingine hupigwa ili kuhakikisha tundu limenyooka. Na wakati wa kupita kando ya neva, kila baada ya hatua fupi kijiti cha umeme huingizwa tunduni na kutoa mshtuko mdogo, huku vihisi vilivyo usoni vikisubiri. Msuli wa uso ukicheza kwa umeme kidogo, neva iko karibu mno.

Hayo ni macho manne tofauti yanayochungulia kitu kimoja, na kila moja lina haki ya kusimamisha kazi. Baada ya hapo tundu huwa limefika, na daktari huuingiza waya wa elektrodi kwa mkono wake mwenyewe.

Kuna jambo moja la Bern ambalo halitajwi sana na wanaoisifia roboti hiyo, nami naona ndilo la maana kuliko yote. Katika kundi la kwanza la wagonjwa 9, ambao matokeo yao yalichapishwa mwaka 2019, kazi ya roboti ilikamilika kwa wagonjwa 6. Kwa wagonjwa 3 iliachwa njiani kwa sababu za usalama, daktari akamalizia kwa njia ya kawaida. Mtu wa propaganda angesema roboti imefeli kwa theluthi moja. Mtu anayejua kazi atasema mfumo wa kusimama ulifanya kazi kwa asilimia mia. Mashine ilijua mwisho wa uhakika wake, wenye mashine wakaitii, kisha wakaandika waziwazi na kuchapisha. Hiyo tabia ya kuandika mahali ulipoacha ndiyo bidhaa kubwa ya uhandisi, na haiuzwi kwenye sanduku.

Watu wa Bern hawako peke yao. Katikati ya miaka ya 2000, huko Birmingham, Uingereza, mhandisi Peter Brett na madaktari wa masikio walitengeneza keekee ya kutoboa ukuta wa koklea bila kupasua utando mwembamba ulio nyuma yake. Fundi seremala anajua kwa mkono ubao unapokaribia kutoboka, maana keekee huanza kulegea. Brett alikichukua kile ambacho mkono wa fundi hukijua bila kukisema, akakipima kama nguvu na msokoto kwenye ncha, na kuiandikia mashine kanuni ya kusimama kabla ya utando. Nchini Marekani, katika Chuo Kikuu cha Vanderbilt, Robert Labadie, ambaye ni daktari wa masikio na mhandisi kwa pamoja, alipita njia nyingine kabisa: badala ya roboti, kifremu kidogo kinachotengenezwa kwa vipimo vya mgonjwa mmoja na kufungwa kwenye mfupa wake, kikiiongoza keekee kwenye mstari mmoja tu unaoruhusiwa.

Hatua ya mwisho, ya kuingiza waya, nayo imepata mashine zake. Wapo wagonjwa wanaobakiwa na usikivu kidogo, hasa wa sauti nene, na waya ukiingia kwa pupa huvunja utando wa ndani na kuumaliza usikivu huo. Mkono wa binadamu, hata wa bingwa, hutetemeka kidogo na hauwezi kwenda polepole sana bila kukwama na kuruka. Wafaransa walitengeneza RobOtol, mkono wa roboti unaoongozwa na daktari. Katika Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, kikazaliwa kifaa kidogo kinachousukuma waya kwa mwendo wa taratibu usiobadilika. Mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani ilikiidhinisha mwaka 2021. Nayo roboti ya kutoboa iliyotokana na utafiti wa Bern ilianza kutumika huko Antwerp, Ubelgiji, mwaka 2020.

Ukiirudia historia ya kifaa chenyewe cha usikivu, utamkuta mhandisi kila kona. Kule Vienna mwaka 1977 kifaa kilitengenezwa na Ingeborg Hochmair na mumewe Erwin, wote wahandisi wa umeme. Kanuni ya kuchambua sauti iliyowawezesha wagonjwa wengi kuelewa maneno bila kusoma midomo, iliyochapishwa mwaka 1991, ilitoka kwa Blake Wilson, mhandisi wa Marekani. Na Graeme Clark, daktari wa Australia aliyempandikiza mgonjwa wake wa kwanza mwaka 1978, alikuwa ameshindwa kwa muda mrefu kuupitisha waya ndani ya koklea bila kukwama. Akiwa mapumzikoni pwani alichukua kombe la baharini lililojisokota, akajaribu kulipenyeza majani ya nyasi, akaona kwamba jani lenye ncha laini na shina gumu ndilo linaloingia mbali. Watoto wetu wa Bagamoyo, Lamu na Pemba wanayachezea makombe hayo hayo. Tofauti ni kwamba Clark alikuwa na maabara ya kurudi Jumatatu, na wahandisi wa kuwauliza: tunaweza kutengeneza waya wenye ncha laini na shina gumu?

Sasa turudi kwetu. Tanzania haiko nyuma kama tunavyopenda kujilaumu. Mwaka 2017 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kupandikiza vifaa vya usikivu, huduma ambayo kabla ya hapo ilimlazimu mgonjwa kupelekwa nje, hasa India, kwa gharama ya serikali au kwa michango ya ukoo. Hiyo ni hatua ya kujivunia, na ilifikiwa kwa mikono ya madaktari, bila roboti hata moja.

Ila tazama kinachowazunguka madaktari hao. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani (WHO) kuhusu usikivu, ya mwaka 2021, inasema watu zaidi ya milioni 430 duniani wana upungufu wa usikivu unaohitaji huduma, na takriban asilimia 80 yao wanaishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Katika nchi za kipato cha chini, asilimia 78 hazifikishi hata daktari bingwa mmoja wa masikio, pua na koo kwa kila watu milioni moja. Na karibu asilimia 60 ya upotevu wa usikivu kwa watoto unatokana na mambo yanayozuilika: usaha wa masikio usiotibiwa, surua, rubela, homa ya uti wa mgongo, matatizo wakati wa kuzaliwa. Roboti haizuii hata moja kati ya hayo.

Ongeza na lile linalotuuma sote. Aliyewahi kuzunguka nyuma ya hospitali zetu za rufaa anaijua ile stoo: mashine imefunikwa shuka, vumbi juu yake, kibandiko cha mfadhili bado kinang'aa. Watafiti Lora Perry na Robert Malkin walipokusanya takwimu za vifaa tiba katika nchi maskini na kuzichapisha mwaka 2011, waligundua kwamba takriban asilimia 40 ya vifaa hivyo havifanyi kazi. Malkin, ambaye wakati huo alikuwa mhandisi wa vifaa tiba katika Chuo Kikuu cha Duke, alionyesha katika utafiti mwingine kwamba theluthi mbili hivi ya vifaa vilivyoharibika vingeweza kufufuliwa kwa ujuzi wa kawaida, bila kuagiza vipuri kutoka nje. Hii ina maana kwamba upungufu mkubwa ni wa watu na mpangilio, kabla haujawa wa fedha.

Watu wenyewe tunao, na tunazidi kuwapata. Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam na Chuo cha Ufundi Arusha wanafundisha fani hii. Makerere na Mbarara, Uganda, wanatoa shahada. Chuo Kikuu cha Kenyatta, Kenya, kadhalika. Vijana wanahitimu, wanaajiriwa, kisha wanapelekwa karakana iliyo mwisho wa korido. Huitwa simu ikipigwa: mashine ya oksijeni imegoma, kitanda cha upasuaji hakipandi, taa imezima. Wakitengeneza, wanashukuriwa, wanarudi karakana. Zabuni inapoandikwa, wao hawamo. Mashine ikifika bandarini ndipo wanaitwa kulifungua sanduku, na ndipo wanapogundua kwamba kichujio chake kinauzwa na mtu mmoja tu duniani, au kwamba inahitaji umeme usiocheza ambao wodi ile haijawahi kuuona.

Sasa ifikirie roboti ya sikio katika mazingira hayo. Inahitaji picha za CT zenye ubora wa juu, ndani ya chumba cha upasuaji au jirani yake. Inahitaji keekee maalumu na vihisi vinavyonunuliwa upya kwa kila mgonjwa, mkataba wa matengenezo usiokatika, na mtu anayejua kila asubuhi kuihakiki mashine kama bado inapiga pale inaposema inapiga. Kosa la nusu milimita, ambalo kwa mashine nyingine si kitu, hapa ni uso wa mtu. Hospitali ambayo mhandisi wake hana sauti ikinunua roboti ya namna hiyo, imenunua shuka jipya la stoo.

Najua jibu nitakalopewa, na si la kupuuza. Wapo wanaosema Afrika iliruka simu za waya ikatua moja kwa moja kwenye simu za mkononi, ikaziruka benki za matofali ikatua kwenye M-Pesa. Kwa nini isiuruke upasuaji wa mkono ikatua kwenye roboti? Mfano huo naupenda, ila unasimama upande wangu. M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007 haikuwa mashine iliyonunuliwa nje na kukatiwa utepe. Ilikuwa jibu la swali la hapa hapa: mtu wa Nairobi atamtumiaje mama yake kijijini hela bila kumkabidhi dereva wa basi? Watu walikaa, wakajaribu, wakabadilisha walichokusudia mwanzoni, wakajenga mtandao wa mawakala duka kwa duka. Aliyeruka, aliruka kwa sababu alikuwa amepima upana wa mtaro wake mwenyewe.

Na mitaro yetu ya sikio iko wazi kwa mhandisi atakayeruhusiwa kuikaribia. Kichakataji sauti kinachovaliwa nyuma ya sikio kinaishi vipi katika jasho na hewa ya chumvi ya Tanga au Mtwara? Betri zake zitachajiwaje pale ambapo umeme haujafika? Botswana waliwahi kulijibu swali la namna hiyo kwa mashine za kusikia: mradi wa Godisa, katika kijiji cha Otse, ulitengeneza chaja ya mwanga wa jua, na waliokuwa wakiiunganisha ni viziwi wenyewe. Mtoto atapimwaje usikivu shuleni bila chumba maalumu na bila mtaalamu? Katika Chuo Kikuu cha Pretoria, Afrika Kusini, mtaalamu wa usikivu De Wet Swanepoel na mhandisi Herman Myburgh walikaa pamoja wakatengeneza kipimo kinachofanyika kwa simu ya mkononi, na mtu aliyefundishwa kwa muda mfupi anaweza kukitumia. Daktari kijana atajifunzaje kuchimba mfupa wa sikio kabla ya kumgusa mgonjwa? Mifupa ya kuchapwa kwa mashine kutoka kwenye picha za CT inaweza kutengenezwa hapa hapa, kwa plastiki, na kuharibiwa kadiri atakavyo.

Liko pia swali la baada ya upasuaji, ambalo roboti haina habari nalo. Mtoto aliyewekewa kifaa haanzi kusikia maneno siku ya pili. Kifaa huwashwa baada ya wiki kadhaa, kisha hurekebishwa tena na tena, naye hufundishwa kusikiliza kwa miaka. Anahitaji mwalimu, mzazi mwenye nauli ya kurudi kliniki, na vipimo vya maneno ya Kiswahili vilivyoandaliwa kitaalamu. Na kwa wale ambao kifaa hakiwafai au hawakitaki, Lugha ya Alama na mwalimu anayeijua ni haki yao vile vile. Mhandisi aliyezoea kukaa na wataalamu hawa na wagonjwa wao ataona mapengo ambayo katalogi ya muuzaji haiyaonyeshi.

Simaanishi kwamba roboti isije. Nadhani itakuja, na utafiti wa kuingiza waya taratibu unaweza siku moja kuwaokolea wagonjwa wengi mabaki ya usikivu wao. Ninachokataa ni ule utaratibu wa kuagiza matunda ya kazi ya mhandisi wa watu huku wa kwetu tukimwacha karakana. Bern kilichokuja kwanza ni mazoea ya daktari na mhandisi kukaa meza moja na kubishana juu ya milimita. Roboti ikafuata.

Mambo matatu yanaweza kuanza bila kusubiri bajeti mpya. Kwanza, kila kamati inayoandika sifa za kifaa tiba iwe na mhandisi wa vifaa tiba mwenye kura, na maoni yake yaandikwe kwenye muhtasari, hasa anapopinga. Pili, mhandisi apangiwe siku ya kuingia chumba cha upasuaji wakati hakuna kilichoharibika, avae kama wengine, asimame nyuma ya daktari wa masikio na kutazama anapohangaika. Na mwanafunzi wa udaktari bingwa na mwanafunzi wa uhandisi waruhusiwe kuandika tasnifu juu ya tatizo moja. Tatu, kila hospitali ya rufaa iwe na daftari la hitilafu lililo wazi kwa watafiti: kifaa gani kilisimama, lini, kwa nini, na kilirudi kazini baada ya muda gani. Watu wa Bern waliandika wagonjwa watatu ambao mashine iliachwa njiani, wakachapisha, na dunia ikawaamini zaidi. Sisi tunaficha stoo nzima.

La kwanza kati ya hayo halihitaji hata safari ya kwenda Uswisi kujifunza. Barua ya kumteua mhandisi kwenye kamati ya manunuzi ni ukurasa mmoja, na mkurugenzi wa hospitali anaweza kuisaini Jumatatu kabla ya chai ya saa nne.